Rafu ya Chini: Nyaraka za Miji Midogo ya Marekani Zilizovunja Rekodi

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1911, jengo la serikali ya jimbo la New York mjini Albany lilishika moto, na maktaba ya jimbo ilikuwa humo humo ndani. Kulipopambazuka, vitabu vipatavyo 450,000 na miswada ipatayo 270,000 vilikuwa majivu. Mlinzi wa usiku, Samuel Abbott, hakutoka. Katikati ya maangamizi hayo kulikuwa na nyaraka za Waholanzi, waliotawala eneo lile katika karne ya 17 kabla Waingereza hawajaiteka New Amsterdam na kuiita New York: kurasa zipatazo 12,000 za kesi, hati za mashamba, barua za utawala na ugomvi wa majirani. Zilikuwa zimepangwa rafu za chini, na majalada ya Kiingereza yalikaa juu yake. Rafu zilipoporomoka, ya Kiingereza yaliyaangukia ya Kiholanzi na kuyafunika. Ya juu yakateketea. Ya chini yakababuka kingo na kulowa maji, lakini maandishi yakabaki yanasomeka.

Kama kuna tuzo ya nyaraka zenye bahati kuliko zote Marekani, ninazipa hizo. Na bahati peke yake haikutosha. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, majalada 24 yaliyoandikwa kwa mkono na mzee Francis Adrian van der Kemp mwanzoni mwa karne ya 19 huku macho yake yakiwa dhaifu, iliungua yote. Mhifadhi wa nyaraka hizo, A. J. F. van Laer, naye alipoteza kazi yake ya tafsiri katika moto ule ule, akaanza upya. Mwaka 1974 mtaalamu mwingine, Charles Gehring, akaipokea kazi hiyo na kuifanya kwa takriban nusu karne, ukurasa baada ya ukurasa wenye kingo nyeusi. Mtu mmoja, chumba kimoja, maisha mazima. Sijui rekodi ya mbio ninayoiheshimu zaidi ya hiyo.

Nyaraka ninazozizungumzia hapa ni za mahali: za kaunti, za kanisa, za bandari, za kijiji cha kando ya mto. Si hotuba za marais wala mikataba ya mataifa. Ni kesi ya ng'ombe aliyeingia shambani, ni nani alidaiwa shilingi ngapi, ni mtoto wa nani aliyebatizwa Jumapili ipi. Kwa miaka mingi wasomi wakubwa walizipita hizo kama mtu anavyolipita boma la majani. Siku hizi wanazigombania, kwa sababu waliowekwa nje ya vitabu vya historia, yaani wanawake, watumwa, mafukara na wenyeji wa asili, wamo humo.

Tuanze na umri. Eastville, makao ya kaunti ya Northampton pwani ya mashariki ya Virginia, ina kumbukumbu za mahakama zilizoendelea bila kukatika tangu 1632, na zinahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote za aina hiyo nchini humo. Kudumu kwake kulitokana na kutohama. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaunti nyingi za Virginia zilipeleka majalada yao Richmond, zikidhani makao makuu ndiko kwenye usalama. Aprili 1865 Richmond ikawaka moto, na majalada yakaungua pamoja na mji. Hadi leo watafiti wa nasaba wana jina la maeneo hayo: kaunti zilizoungua. Ukiwatajia moja, wanatikisa kichwa. Majalada ya Eastville yalibaki kijijini kwao, na yakapona.

Na tazama yaliyomo. Mwaka 1621 aliletwa Virginia Mwafrika ambaye orodha ya 1625 inamtaja kwa jina la Antonio. Alitumikishwa, akaoa mwanamke aitwaye Mary, akajikomboa, akajulikana kuwa Anthony Johnson, na kufikia 1651 alikuwa na haki ya ekari 250. Majalada ya Northampton yanamwonyesha akishitaki na kushitakiwa kama mkulima mwingine yeyote. Yanaonyesha pia jambo linalouma: mwaka 1655 mahakama iliamua kuwa John Casor, Mwafrika mwenzake aliyedai muda wake wa utumishi umekwisha, arudishwe kwa Johnson awe wake maisha yote. Karani aliandika hukumu kwa mwandiko ule ule aliotumia kwa madeni ya tumbaku. Mlango wa utumwa wa kudumu ulikuwa unafunguliwa kwa mstari wa kawaida wa karani, na mmoja wa waliousukuma alikuwa ametoka utumwani. Baadaye, mwaka 1677, mjukuu wake John alinunua ekari 44 ng'ambo ya mpaka, Maryland, na shamba hilo akaliita Angola. Neno moja katika hati ya ardhi. Familia ile ilikuwa na zaidi ya nusu karne upande ule wa bahari, na bado jina lilikuwa limehifadhiwa nyumbani.

Hata hivyo, ukongwe wa Eastville ni wa Kiingereza. Wamarekani wengi huanza kuhesabu historia yao na Waingereza, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Rejista za parokia ya Kikatoliki ya St. Augustine, Florida, zinaanzia 1594, miaka 13 kabla ya Waingereza kukanyaga Jamestown. Zimeandikwa Kihispania: ndoa, ubatizo, mazishi, pamoja na ya Waafrika, watumwa na walio huru. Uhispania ilipoiachia Uingereza Florida mwaka 1763, wenyeji walihama na vitabu vyao hadi Havana, na vitabu hivyo havikurudi mpaka 1906.

Miaka zaidi ya 140 uhamishoni ni mingi, lakini kwa safari ya ajabu zaidi ninamtaja William Bradford. Bradford alikuwa gavana wa koloni la Plymouth, na kati ya 1630 na 1651 aliandika kwa mkono wake historia ya watu waliofika na merikebu ya Mayflower. Mswada huo uliishia katika mnara wa kanisa la Old South mjini Boston, ambako mchungaji Thomas Prince alikuwa amejikusanyia maktaba ya mambo ya New England. Prince alikuwa mtu wa kwanza kule kukusanya nyaraka za nchi yake kwa mpango, kama mfugaji anavyokusanya kundi. Kisha vikaja vita vya uhuru. Mwaka 1775 askari wa Uingereza walilifanya kanisa lile uwanja wa kuzoezea farasi. Mswada ukapotea. Kwa miaka mingi watu waliulilia, hadi 1855 ulipotambuliwa umekaa kimya katika maktaba ya askofu wa London, katika jumba la Fulham. Mazungumzo ya kuurudisha yaliendelea kwa miongo minne, na 1897 ukafika tena Massachusetts, ambako maktaba ya jimbo inautunza.

Mnara ule ule umetoa rekodi nyingine. Kati ya vitabu vya Prince vilikuwamo nakala za Bay Psalm Book, kitabu cha zaburi kilichochapwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1640, cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Kiingereza. Zilichapwa nakala zipatazo 1,700. Zilizosalia ni 11. Novemba 2013 kanisa la Old South liliuza moja mnadani kwa dola milioni 14.165. Wakati huo hakuna kitabu cha chapa kilichokuwa kimewahi kufikia bei hiyo mnadani. Fedha zile zilihitajika kwa matengenezo na kazi za kanisa, na siwalaumu, kwa kuwa walibaki na nakala ya pili. Ila napenda ikumbukwe kuwa bei ile ilianza na mchungaji aliyepanda ngazi za mnara na vitabu kwapani wakati hakuna aliyevitaka.

Chama kikongwe cha historia nchini humo ni Chama cha Historia cha Massachusetts, kilichoundwa Boston mwaka 1791 na mchungaji Jeremy Belknap na wenzake. Belknap aliamini kwamba kinga ya kweli ya waraka si kufuli, ni nakala nyingi. Mwaka 1825 chama chake kilipata ushahidi mchungu. Shajara ya John Winthrop, gavana wa kwanza wa koloni la Massachusetts Bay, ilikuwa na madaftari matatu. Mhariri James Savage alikuwa amechukua daftari la pili kufanyia kazi, mahali pakaungua, daftari likaenda na moto. Kwa bahati alikuwa ameshalinakili, hivyo maneno yapo. Mwandiko wa gavana haupo.

Kwa wingi wa maandishi ya chapa ya zama zile, twende Worcester. Aprili 1775, siku chache kabla risasi za kwanza za vita hazijalia Lexington, mchapaji Isaiah Thomas alitorosha mtambo wake kutoka Boston usiku na kuusafirisha hadi mji huo wa ndani, ambako bunduki za Waingereza hazingemfikia. Mwaka 1812 akaanzisha huko American Antiquarian Society na kuipa maktaba yake mwenyewe, vitabu vipatavyo 8,000. Leo chama hicho kina takriban theluthi mbili za vyote vinavyojulikana kuchapwa katika eneo hilo la Marekani kati ya 1640 na 1820, na matoleo ya magazeti zaidi ya milioni mbili. Mengi ni magazeti ya miji ambayo hata jina lake limesahaulika: matangazo ya mbegu, ya farasi aliyepotea, ya mtumwa aliyetoroka na alama alizokuwa nazo mwilini.

Shajara sasa. Kwa urefu, ya John Quincy Adams ni ya kutajwa: alianza 1779 akiwa na miaka 12, akaendelea hadi 1848, majalada 51, kurasa zaidi ya 14,000. Nyaraka zote za ukoo wake zilipopigwa mikrofilamu miaka ya 1950, zilijaza mikanda 608. Huyo alikuwa rais na mtoto wa rais, na hakuna aliyewahi kushuku kwamba karatasi zake zitatunzwa.

Mimi ninampenda zaidi mkunga. Martha Ballard aliishi Hallowell, kando ya mto Kennebec, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maine. Tangu Januari 1785 hadi Mei 1812 aliandika karibu kila siku, maingizo yanayokaribia 10,000, kwa kalamu ya unyoya, kwenye karatasi alizokunja na kushona mwenyewe. Hali ya hewa kwanza, kisha kazi: nani amekuja, nani amefuma, nani anaumwa. Akiitwa usiku, aliuvuka mto kwa mtumbwi, na wakati wa baridi kali aliuvuka kwa miguu juu ya barafu. Alizalisha mara 816 katika miaka hiyo 27. Hakufiwa na mama hata mmoja wakati wa kujifungua, ingawa watano walifariki siku zilizofuata. Pembeni mwa ukurasa alitia alama ya uzazi na hesabu ya malipo, kwa sababu daftari lile lilikuwa pia leja ya biashara yake.

Waliolitazama daftari hilo kabla walisema limejaa vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Walichokiona ni majina yasiyojulikana na kitani kinachosokotwa. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich alipolifungua, aliona kwamba udogo ule ndio hazina. Alifanya kazi miaka minane. Alilinganisha kila ingizo na hati za mahakama, za mashamba na za kodi, na mji mzima ukainuka kutoka kwenye kurasa: uchumi wa wanawake ambao hesabu za wanaume hazikuutaja, mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa na jinsi jamii ilivyolipokea jambo hilo, kesi ya ubakaji dhidi ya mtu mwenye cheo. Kitabu chake kilitoka 1990 na kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Sina wasiwasi kusema kwamba katika nyaraka zote za mitaa ya Marekani, hakuna nyingine iliyozaa matunda makubwa hivyo kwa karatasi chache hivyo.

Na ilikaribia kutupotea. Baada ya Martha kufa 1812, shajara ilikaa katika ukoo hadi 1884, ilipomfikia kilembwe chake Mary Hobart, aliyekuwa amehitimu udaktari mwaka ule ule. Mtu wa kazi ile ile, vizazi kadhaa mbele. Ndiye aliyeipeleka Maktaba ya Jimbo la Maine mwaka 1930. Ninapofika hapa huwa ninakumbuka daftari la kliniki la shangazi yangu, mkunga wa kijijini, lenye gamba la bluu na mzingo wa kikombe cha chai juu yake. Tulihama, na sijui nani alilitupa.

Wapo pia wakusanyaji waliopitiliza. Lyman Draper, mwanamume mwenye umbo dogo na subira kubwa, alizunguka Kentucky, Tennessee na nchi jirani akiwahoji wazee wa zama za mlowezi shujaa Daniel Boone na watoto wao, na kuondoka na barua zao kwenye mikoba. Alipofariki 1891 aliiachia Wisconsin, alikofanya kazi, majalada yapatayo 491. Alikusudia kuandika maisha ya mashujaa wengi. Kitabu cha Boone hakikukamilika mikononi mwake, maana kila alipokaribia aliogopa kuna shahidi ambaye hajamsikia. Wapo waliolalamika hadi kufa kwamba aliazima asirudishe. Ni kweli pia kwamba barua nyingi kati ya hizo zingeishia kwenye jiko. Mtu wa Kentucky anayetaka sauti ya babu yake anasafiri hadi Wisconsin, na nadhani wasomaji wangu wa pwani wanaijua hali hiyo.

Kwa ununuzi, mwaka 1867 bunge la Marekani lililipa dola 100,000 kwa mkusanyo wa Peter Force wa Washington: vitabu zaidi ya 22,000, vijitabu vipatavyo 40,000 na mamia ya majalada ya miswada. Na kwa hasara ya bei rahisi, hakuna anayeifikia New Mexico. Mwaka 1870, wakati wa gavana William Pile, kumbukumbu za utawala wa Kihispania na Kimeksiko zilizokuwa katika jumba la magavana la Santa Fe ziliuzwa kama karatasi taka. Wenye maduka walizifungia bidhaa. Wananchi walipandwa na hasira, baadhi zikarudishwa, nyingine zilikwenda na sukari. Kila ninaponunua karanga zilizofungwa katika karatasi ya daftari la mtu, huisoma kabla sijaikunjua.

Nimeiweka mwisho Salem, kwa sababu nyaraka zake za mtaa zilifika mbali kuliko za mji mwingine wowote ninaoujua, na zilifika kwetu. Dunia inaijua Salem kwa kesi za uchawi za 1692, zilizoua watu 20: 19 kwa kitanzi, na mzee Giles Corey kwa kukandamizwa na mawe. Hati zaidi ya 500 za kesi hizo zilikaa muda mrefu katika Maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex, kabla hazijarudishwa mikononi mwa mahakama ya jimbo mwaka 2023. Lakini maktaba hiyo hiyo ina masanduku mengine, ya manahodha na wafanyabiashara wa bandari ile ndogo. Mwaka 1799 manahodha wa Salem waliunda chama ambacho sharti lake lilikuwa uwe umeizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na wakatunza madaftari ya safari zao. Humo ndimo ilimoandikwa Unguja.

Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ushuru ukiwa asilimia tano. Mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, mwana wa Salem, aliyekuwa mwakilishi wa serikali na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Barua, hesabu na shajara zake zimo katika masanduku hayo. Anaonekana akielewana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, kiasi cha kuwakera wafanyabiashara wengine. Merikebu za Salem zilishusha majora ya pamba isiyopaushwa. Zilipakia pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi ile, iliyochimbwa mchangani pwani ya Mrima, ilisafishwa katika kiwanda cha Jonathan Whipple huko Salem na kuwa vanishi ya samani za watu wasiojua Mrima ni wapi. Na katika forodha ya Salem, kati ya 1846 na 1849, alifanya kazi Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya, wakati bandari hiyo bado inapokea shehena kutoka Zanzibar.

Kitambaa kile kilipanda bara hadi Tabora na Ujiji, kikapimwa kwa mikono, kwa shuka, kwa doti, kikalipia chakula cha misafara na hongo za machifu. Watu wakakiita kwa jina la kilikotoka. Bibi yangu alisema marekani hadi mwisho wa uhai wake, hata kilipokuwa kikifumwa hapa hapa nchini.

Mwaka 1965 Norman Bennett na George Brooks walichapa uteuzi mnene wa barua za wafanyabiashara wa New England barani Afrika, kuanzia 1802 hadi 1865, na kwa mwanafunzi wa historia ya pwani kitabu hicho bado ni mlango wa kwanza. Asili za Waters zenyewe, tangu maktaba ilipohamishwa mwaka 2018, zinasomewa Rowley, kaskazini kidogo ya Salem, jambo lililowaudhi wenyeji wa Salem waliotaka karatasi zao zibaki mjini kwao. Mtu akiomba sanduku, analetewa mezani. Anakuta mistari ya Kiingereza cha Massachusetts kuhusu shehena, bei na afya ya familia, kisha katikati ya mstari, uzito wa sandarusi umeandikwa kwa frasila.